Namba ya Mtu wa Kupigiwa Simu

Kama umeshapewa tarehe ya kuanza kemo, ile dripu ya dawa ya saratani, na karatasi ya maswali unayo mkononi, kaa kitako kabla hujaijaza. Najua huwezi kukaa. Mimi nilipangiwa Jumanne, na tangu Ijumaa nilikuwa nimeshafunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena, nimetoa kandambili nikaweka nyingine. Lakini jitahidi ukae. Nitakueleza nilivyoijaza karatasi yangu na kilichonipata, na ukitaka kunicheka nicheke tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Naitwa Zainabu. Ni mtu wa Singida niliyeolewa Chang'ombe, na kazi yangu ni kukata tiketi za mabasi ya mikoani pale stendi ya Mbezi Luis. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kumi na minne, tangu stendi ikiwa bado Ubungo. Imenifundisha jambo moja tu, kwamba basi liondoke kwa wakati. Mengine yote yatajulikana njiani.

Pamoja na tiketi tunaandika orodha ya abiria. Jina, anakokwenda, namba yake ya simu, na safu ya mwisho kabisa: namba ya ndugu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Safu hiyo hakuna anayeipenda. Abiria anataka siti ya dirishani, anataka kujua basi lina choo, na ukimuuliza ndugu yake ni nani anakukazia macho kana kwamba umemtabiria ajali. Kwa hiyo sisi wa dirishani tulikuwa na utaratibu wetu. Namba ya abiria tuliiandika mara mbili, mara ya kwanza kwenye safu yake, mara ya pili kwenye safu ya ndugu. Karatasi imejaa, ukaguzi umepita, basi linatoka.

Kuna mwaka mzee mmoja alizidiwa njiani, akazimia kabla basi halijafika Dodoma. Kondakta akachukua orodha, akapiga namba ya ndugu. Simu ikaita ndani ya koti la mzee mwenyewe. Mzee alipona, Mungu ni mwema, na kondakta alipokuja kutusimulia tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ile orodha niliiandika mimi.

Habari za uvimbe wangu sitazirefusha. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, niliugundua nikioga, na kuanzia hapo ikawa vipimo juu ya vipimo mpaka masika yakaisha. Daktari akasema tutaanza na kemo ili uvimbe upungue, upasuaji utafuata. Nilichosikia mimi ni neno kuanza. Nilitaka kuanza jana yake.

Siku ya Jumanne Hamisi, mume wangu, hakuweza kunisindikiza. Yeye ni fundi wa kuchomelea, ana karakana ndogo Chang'ombe hapo hapo, na siku hiyo mageti ya watu yalikuwa yanamsubiri. Akamtuma mama yake.

Mama mkwe wangu anaitwa Bi Kidawa. Ni mtu wa mji hasa, kazaliwa Temeke na wazazi wake wamezaliwa Temeke, na kwa zaidi ya miaka thelathini anafundisha watoto Kurani kwenye baraza ya nyumba yake. Sisi tunakaa vyumba viwili vya nyuma, uani kwake. Tulikuwa tukielewana kwa salamu. Nikiamka ninamwamkia shikamoo, anaitika marahaba, na baada ya hapo kila mtu na njia yake. Aliwahi kumwambia jirani, nikisikia, kwamba mkwe wake hata uji anaunywa kasimama. Hakunisingizia.

Basi tukakaa kwenye benchi la hospitali, mimi na yeye, begi langu katikati. Watu walikuwa wengi. Kulikuwa na mama mmoja kajifunga kitenge kichwani, chini yake hakuna unywele, na nilijikuta namtazama, nikiacha, namtazama tena. Ilipofika zamu yangu nesi akatoka chumba namba nne na karatasi ya maswali. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani kaining'iniza shingoni kwa uzi, akiitwa Sista Eliza.

"Dada, unajua kusoma na kuandika vizuri?"

"Ndiyo kazi yangu, sista."

"Basi jaza hii, taratibu. Usipoelewa niulize."

Taratibu! Nilikuwa nimeshaitoa kalamu. Una homa? Hapana. Una kidonda au jipu popote? Hapana. Una jino linalouma au fizi inayovimba? Hapana. Unatumia dawa nyingine yoyote, za duka au za miti shamba? Hapana. Kuna dawa inayokudhuru? Hapana. Kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa wa kuambukiza? Hapana. Hedhi ya mwisho lini? Nikakadiria. Mtu wa kupigiwa simu? Mkono wangu ukaandika namba yangu. Sikufikiri, wala sikusita, miaka kumi na minne iliandika yenyewe. Nikairudisha karatasi kabla Sista Eliza hajakaa vizuri kwenye kiti cha meza yake pale mlangoni.

Akavaa miwani, akasoma. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu yeyote wa karatasi akilifanya. Akachukua simu ya mezani, akapiga namba niliyoandika.

Simu ikaita ndani ya mkoba wangu. Mlio wenyewe ulikuwa muziki wa singeli, aliniwekea mwanangu Nasra, na ulisikika mpaka benchi la nyuma. Watu wakageuka.

"Pokea," akasema Sista Eliza. "Mwambie ndugu yako kuwa mgonjwa yuko chumba namba nne."

Sikupokea. Nilijihisi mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Mie huwa napiga," akasema, wala hakuwa na hasira. "Namba ikiwa ya uongo, karatasi nzima siiamini. Tuanze upya, na sasa nauliza mwenyewe. Meno?"

"Mazima."

Bi Kidawa akakohoa kidogo. Ni kile kikohozi anachokohoa barazani pale mtoto anaporuka aya.

"Sista mwanangu, samahani kuingilia. Huyu ana gego bovu. La kushoto, chini. Mwezi wa pili huu anatafuna upande mmoja, na kopo langu la karafuu jikoni nimelikuta tupu, na mimi karafuu situmii hivyo."

Nilimgeukia. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila najua nilitamani benchi lile lingekuwa na mlango nimsukumie humo.

Maana ilikuwa kweli. Jino lilikuwa linaniuma tangu kabla ya masika. Asubuhi nikisukutua nilitema mate yenye ladha mbaya, na nilijua ni usaha. Nilijua pia kuwa nikilitaja nitapelekwa kwa daktari wa meno, na kwa daktari wa meno kuna foleni nyingine, na tarehe yangu itaondoka bila mimi. Nikaona jino ni jino tu. Titi ndilo lililokuwa linataka kuniua.

Sista Eliza akawasha tochi, akaniambia nifungue mdomo. Alitazama kwa muda mrefu, akabonyeza fizi, nikaruka.

"Unaona? Dawa hii inapiga ugonjwa, lakini inawapiga na askari wako wa mwili. Watashuka. Kwa siku kadhaa utakuwa kama nyumba isiyo na mlinzi. Huu usaha leo ni kero. Wakishuka askari unaingia kwenye damu, na mie nitakuwa sikutafuti tena kwa simu." Akazima tochi. "Dripu haianzi leo."

"Sista, nakuomba. Uvimbe unakua."

"Najua, dada yangu."

"Kila siku unakua, naushika mwenyewe!"

"Najua. Jino kwanza." Kisha akamgeukia Bi Kidawa. "Na miti shamba, mama? Nyumbani anakunywa chochote?"

Hapo ndipo Bi Kidawa alipotazama chini. Akaanza kukunja ncha ya kanga yake.

"Kuna unga," akasema. "Wa mizizi. Nimeletewa na mtu wa Mbagala. Huwa namtilia kwenye uji. Kijiko kimoja tu, asubuhi, wiki ya tatu sasa."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

Wiki tatu nilikuwa nanywa kitu nisichokijua, nimesimama wima kama kawaida yangu, naharakisha, wala ladha sikuisikia. Sista Eliza akasema unga huo uachwe siku hiyo hiyo, na alama za ini kwenye kipimo cha damu zilizokuwa zimempa daktari mashaka zipimwe tena baadaye. Kwa hiyo sote wawili tulitoka pale tumeumbuka. Mwenzangu alikubali. Mimi niliwaka.

Hamisi aliporudi jioni nilimwambia yote, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Nikasema mama yako ananilisha mizizi. Nikasema mama yako kanishtaki kwa wageni. Nikasema nikifa mjue ni jino limeniua, na aliyelitangaza ni yeye. Maskini Hamisi alikaa na mikono yake yenye masizi juu ya magoti.

"Sasa mie nifanyeje, mama Nasra? Huyu mama, huyu mke."

"Fanya chochote!"

Akaenda kuoga. Hicho ndicho alichoweza.

Jino liling'olewa Alhamisi. Liligoma, likavunjika, mizizi ikatolewa vipande vipande na daktari kijana aliyekuwa akinipa pole kila dakika. Akanipa dawa za kumaliza usaha, akasema kidonda kifunge kwanza ndipo nirudi kwenye mambo ya kemo. Nikamuuliza kitafunga lini. Akasema wiki mbili, labda tatu, tutaona. Mtu wa stendi ukimwambia tutaona unamtukana.

Wiki zile zilikuwa mbaya kuliko dripu yoyote iliyofuata, na nakwambia hivyo ili nawe ukiahirishwa usidhani umerogwa. Sikulala vizuri na sikuweza kukaa. Nilitembea kutoka getini hadi kwenye simtanki la maji, nikarudi, mpaka Nasra akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilishika uvimbe asubuhi, nikaushika mchana, nikaushika jioni, na kila nikiushika niliona umekua. Nilifua nguo safi. Baridi ya kipupwe ilikuwa imeingia, na mimi nilikuwa natoka jasho.

Na Bi Kidawa sikumsemesha. Shikamoo nilimpa, kwa sababu shikamoo hainyimwi mtu, lakini niliitoa kavu. Yeye naye hakujitetea. Ila kila asubuhi, mchana na jioni nilikuta bilauri ya maji ya vuguvugu yenye chumvi, imefunikwa kisahani, mlangoni kwangu. Ya kusukutulia kidonda. Nilisukutua, nikairudisha bilauri jikoni kwake, na asante sikusema. Leo nikikumbuka zile bilauri najionea aibu.

Siku moja nikaona nitachanganyikiwa, nikaenda Mbezi. Si kazini, likizo ya ugonjwa nilikuwa nayo, nilikwenda tu kuona mabasi yakiondoka. Mwenzangu Mama Jeni alikuwa dirishani kwangu. Akanipisha kwenye kiti kidogo nyuma yake, akaendelea kukata tiketi, na mimi nikachukua orodha ya basi la Singida nikawa naisoma kama mtu anavyosoma gazeti la zamani.

Namba mara mbili. Chini yake, mara mbili. Mstari hadi mstari.

Nikamkumbuka yule mzee wa koti. Safari hii sikucheka. Nilijiuliza alipozinduka alimkuta nani pale kitandani, na jibu nililijua, hakumkuta mtu, kwa sababu nilimwandika yeye kuwa ndugu wa yeye mwenyewe. Kisha likaja jingine ambalo sikulipenda. Kwenye karatasi ya hospitali mkono wangu haukuteleza kwa mazoea peke yake. Sikutaka mtu apigiwe simu. Nilitaka niugue peke yangu, haraka haraka, nimalize, nirudi dirishani kabla watu hawajazoea kunihurumia. Niliogopa sana, na woga wangu niliuita haraka.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Bi Kidawa alikuwa anawasomesha watoto. Nilipita, nikamwamkia, na kwa mara ya kwanza nikasimama mpaka akamaliza kuitika.

Kidonda kilifunga. Vipimo vya damu vikarudiwa, ini likawa limetulia. Tukarudi chumba namba nne, sisi wawili wale wale, na Sista Eliza akanipa karatasi mpya. Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka wewe ufanye kama mimi. Karatasi ile niliijaza kwa muda wa nusu saa na zaidi. Nilitaja jino na tarehe lilipong'olewa. Nilitaja vidonge vya presha ambavyo mara ya kwanza sikuvitaja, kwa vile nilivizoea hata nikasahau kuwa ni dawa. Nilitaja unga wa mizizi. Nilitaja kwamba penicillin iliwahi kunitoa vipele nikiwa msichana. Hedhi nikaihesabu kwa kalenda, na Sista akanipima mimba hata hivyo, kisha akaniambia bila kuzungukazunguka kuwa muda wote wa dawa nisibebe mimba, nimwambie na mume wangu. Nikaona haya mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akatazama dirishani kwa heshima.

Nikafika mstari wa mwisho. Hamisi akiwasha lile jiwe la kusagia vyuma hasikii hata radi. Wazazi wangu wako Singida, na baba masikio yamepungua. Kalamu ikasimama.

"Mama," nikasema. "Naomba namba yako."

Bi Kidawa hakuniuliza ya nini. Akaitaja kwa moyo, tarakimu moja moja, kama anavyosomesha. Nilipomaliza akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Akatikisa kichwa kuwa sawa.

Sista Eliza akainua simu ya mezani, akapiga. Mlio ukatoka kwenye kanga ya Bi Kidawa. Akafungua fundo, akatoa kisimu chake cha tochi, akakiweka sikioni, wakati yeye na Sista wametenganishwa na meza tu.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Sista Eliza. Napiga kutoka hospitali."

"Mgonjwa wangu yupo hapo?"

Sista akanitazama. "Yupo, mama."

"Anaendeleaje?"

"Bado hajaanza. Ndiyo anaanza."

"Haya mwanangu. Msimwache."

Akakata simu, akairudisha kwenye fundo. Nilikuwa sijalia tangu siku ya majibu, si hospitali, si nyumbani, si kwenye kung'olewa jino. Nikalia pale, na begi langu mapajani.

Kabla ya dripu Sista alitupa masharti. Mimi nilikuwa nasikia nusu nusu, lakini Bi Kidawa alimsimamisha kila sentensi, akairudia, akaruhusu inayofuata. Joto la mwili likifika thelathini na nane, njoo hospitali saa hiyo hiyo, usimeze panadol kwanza, maana itashusha homa na kutuficha ugonjwa. Kipimajoto kiwepo nyumbani kabla ya dawa kuanza, si baada. Mikono kwa sabuni, yake na ya kila anayemgusa. Kachumbari isubiri, matunda yamenywe. Choo akitumia, maji mengi na mfuniko ufungwe. Matapishi yashikwe kwa glavu, nguo zake zifuliwe peke yake. Mtu mwenye mafua au tetekuwanga asimkaribie. Asiende kuchanjwa wala kung'olewa jino bila kutuuliza. Hayo alitufundisha Sista Eliza, na wewe wa kwako wanaweza kukuongezea mengine, uwaulize.

Tulipofika nyumbani Bi Kidawa akanikalisha barazani.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, mama?"

"Uliyofundishwa leo. Joto likifika?"

Mwanamke mzima, nikasoma. Nilikosea kwenye glavu, akanirudisha mwanzo. Watoto wa chuo chake cha Kurani wakawa wanachungulia wanacheka. Siku iliyofuata walipofika waliambiwa darasa limehamia kwa jirani, nyumba ya tatu, mpaka Mama Nasra apone. Baraza ile haikuwahi kukaa kimya tangu kabla sijaolewa. Nilimwambia mama, hawa watoto hawana ugonjwa. Akanijibu, "Leo hawana."

Dripu ya kwanza ilikuwa nyekundu, na mkojo ukatoka mwekundu nikapiga kelele chooni, ilhali nilishaambiwa. Chakula kikawa na ladha ya msumari. Dripu ya pili iliondoka na nywele, zilibaki kwenye mto, Nasra akazikusanya kwenye mfuko wa rambo akaniuliza kama tuzitunze. Kucha zikawa nyeusi. Nilikasirika ovyo. Nilimfokea Hamisi kwa sababu ya harufu ya vitunguu, akawa anakula karakanani.

Siku ya tisa baada ya dripu hiyo ya pili, mchana, nilianza kusikia baridi. Nikaweka kipimajoto kwapani. Thelathini na nane na pointi tatu. Nikakizima, nikapima tena, kama mtu anayetumaini namba itajirekebisha. Bi Kidawa aliingia na uji akanikuta nimeshapasua panadol mbili kwenye karatasi yake.

"Ngapi?" akauliza.

"Kidogo tu mama. Nameza hizi, nalala, itashuka. Kesho nina kipimo cha damu hata hivyo, nikienda leo watanilaza, dripu ya tatu itaahirishwa."

Akanifungua kiganja, akachukua vile vidonge, akavifumba mkononi mwake.

"Soma."

"Mama, naumwa."

"Najua unaumwa. Soma!"

"Joto likifika thelathini na nane…"

"Endelea."

"Njoo hospitali saa hiyo hiyo. Usimeze panadol kwanza."

"Haya. Vaa."

Bajaji ilikuwa getini sijamaliza kufunga kilemba. Alipanda nami akiwa na kandambili za kuogea, mkononi bado kafumba panadol zangu.

Walinilaza siku sita. Daktari alisema askari wangu walikuwa wameshuka karibu wote, na homa kama ile mtu akiichezea masaa machache tu anaondoka. Siku ya pili nilikuwa sijui niko wapi. Mdomo wote ulikuwa vidonda, ulimi umevimba. Nilipozinduka vizuri ilikuwa asubuhi, na kwenye kiti pembeni yangu kulikuwa na mtu. Barakoa usoni, tasbihi mkononi, macho kwenye dripu, anahesabu matone.

Sista Eliza alikuja na ile tochi yake. Akanifungua mdomo taratibu, akatazama kila upande, akafika kushoto chini, penye pengo.

"Hapa pamepona vizuri," akasema.

Mimi na Bi Kidawa tukatazamana. Lile pengo lilikuwa mahali pekee safi katika mdomo wangu mzima. Kama kikongwe yule angenyamaza kwa adabu siku ile ya Jumanne, ningeingia kwenye siku zile sita na usaha kwenye fizi, na sasa ungekuwa unasimuliwa habari zangu na mtu mwingine. Nilitaka kumwambia asante kwa zile bilauri zote. Ulimi ulikuwa hauzunguki. Nikamshika kanga.

Dripu ya tatu iliahirishwa kweli. Sikutembea mpaka kwenye simtanki. Nilitembea kidogo.

Ya sita, ya mwisho, ilinikuta mvua za vuli zimeanza, upasuaji ukaja kwenye joto kali baada yake, na masika yaliyofuata nikarudi Mbezi, nywele fupi kama za mtoto, upande mmoja wa kifua bapa. Naendelea kupimwa, na kila siku ya kipimo nafunga begi, nalifungua, nalifunga tena. Hilo halijaisha, sikudanganyi. Lakini dirishani kwangu safu ya ndugu haijazwi tena mara mbili. Namuuliza abiria, nanyanyua simu, napiga, namsikia mtu akiitika upande wa pili. Foleni inanuna. Mama Jeni anasema kemo imenipanda kichwani.

Wiki iliyopita alikuja Bi Kidawa. Tangu niolewe hajawahi kufika kwa wazazi wangu, na safari hii kaamua aende Singida kuwaamkia, kawabebea kanga na tende. Alikuja stendi mapema, baibui jipya, akasimama kwenye foleni kama watu wote ingawa nilimwita apite mbele. Nikaandika jina lake. Nikaandika namba yake, ninaijua kwa moyo.

"Ndugu wa kupigiwa simu?" nikamuuliza, kwa utani.

"Andika yako."

Nikaiandika. Nikampa tiketi yake. Hakuondoka.

"Hujapiga," akasema.

"Mama, si namba yangu hii! Simu hii hapa mezani unaiona."

"Hata kwenye ile karatasi ya kwanza ya hospitali uliandika namba yako."

Watu wa nyuma wakaanza kuguna, dereva akapiga honi. Bi Kidawa akafungua fundo la kanga, akatoa kisimu chake, akabonyeza tarakimu moja moja bila kuharakishwa na mtu. Singeli ikalia mezani kwangu. Nikapokea.

"Haloo," nikasema. "Nani mwenzangu?"

"Abiria wako," akasema, akinitazama kupitia kioo. "Nilitaka kujua kama upo."

"Nipo, mama."

Basi la Singida siku hiyo liliondoka limechelewa dakika saba, na aliyelichelewesha ni mimi.